Mapatano kwanza, jembe baadaye

Maneno yaliyosemwa huko Bunia, Ituri, mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, wakulima wenyeji na viongozi wa kartie na vijiji

 

Sisi tunaosema leo si wataalamu wa hali ya hewa. Sisi ni wakulima. Wengine wetu ni wenyeji wa pembeni ya mji huu. Wengine tulifika Bunia tukikimbia vita huko Djugu na Irumu, na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Leo tunalima pamoja katika bonde moja. Tumeombwa tueleze jinsi mkulima mdogo anavyoweza kuishi na mvua zilizobadilika, na tutaeleza. Lakini kuna jambo lililotuchukua misimu mingi kulielewa, nasi tunapenda kulisema mapema. Mbinu za kupambana na mafuriko na ukame nyingi tulizijua. Tulichokosa ni ruhusa ya kubaki katika shamba muda wa kutosha ili mbinu hizo zilete faida.

Mvua imebadilika namna gani

Wazazi wetu walikuwa na kalenda kichwani. Mvua za kwanza zilianza Machi zikaenda hadi Mei au Juni. Kisha kulikuwa na jua fupi. Mvua kubwa zilianza Agosti zikafika Novemba. Kuanzia Desemba hadi Februari watu walikausha mavuno, wakatengeneza nyumba na kutayarisha mashamba.

Kalenda hiyo haijafutika, lakini siku hizi inatudanganya. Mvua inaanza, watu wanapanda, kisha inakatika wiki mbili au tatu. Maharagi yaliyoota yanakauka yakiwa na majani mawili. Halafu mvua inarudi kwa nguvu, na kwa usiku mmoja inateremsha udongo wote mzuri kutoka kilimani hadi mtoni. Mkulima anapoteza mara mbili katika msimu mmoja: kwanza kwa jua, kisha kwa maji.

Wengi wanauliza: inawezekanaje ukame na mafuriko kuja pamoja? Wataalamu wanaeleza hivi. Dunia imepata joto zaidi, zaidi ya nyuzi 1 kupita ilivyokuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Hewa yenye joto inaweza kubeba maji mengi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Fikirini mtu anayechota maji kwa ndoo kubwa badala ya kopo. Ndoo inachukua muda mrefu kujaa, na katika muda huo sisi tunangoja mvua. Ikimwagwa, inamwaga mengi kwa mara moja.

Tumeyaona haya katika Ziwa Albert. Mwishoni mwa mwaka 2019, Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilipata joto kuliko kawaida, na mvua kubwa sana zikanyesha Afrika Mashariki. Ziwa Victoria likapanda mpaka likafika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja mwezi wa Mei 2020, juu kidogo ya kile kiwango kikubwa cha mwaka 1964. Maji ya Victoria yanashuka kwa mto Nile mpaka katika ziwa letu, na mto Semliki unaleta mengine kutoka kusini. Ziwa Albert nalo likapanda. Huko Kasenyi, Tchomia na vijiji vingine vya pwani, maji yaliingia katika nyumba na mashamba. Mvua iliyonyesha mbali sana, huko Kenya na Tanzania, ilifika mlangoni pa mvuvi wa Ituri.

Mabadiliko haya hayakuletwa na mwenye jembe. Yametokana kwanza na moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri, uliokusanyika angani kwa miaka mingi. Hata hivyo tuseme ukweli wetu pia. Tulipokata miti ya vilima vinavyozunguka mji ili kupata makala, tuliondoa kitu kilichokuwa kinazuia maji. Hatukuleta mvua kali, lakini tumeifungulia njia.

Mkimbizi ana msimu mmoja tu

Kila mtu hapa anajua historia yetu, kwa hiyo tutasema kwa ufupi. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliua watu zaidi ya 50,000 katika Ituri, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Ugomvi wa ardhi ulikuwa mmoja wa mizizi yake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na wenye pesa na elimu wakaweza kupata hati za mashamba makubwa, mara nyingine juu ya ardhi ambayo wengine walikuwa wanaishi na kulima. Tangu wakati huo, katika Ituri, karatasi ya shamba inaweza kuogopesha kama bunduki. Mwezi wa Desemba 2017 mauaji yalianza tena Djugu, na maelfu ya familia zikakimbilia Bunia. Wengine walipelekwa Kigonze, wengine walipokelewa katika nyumba za jamaa na marafiki.

Mkimbizi anapotaka kulima, anakodi. Analipa kwa franka, au kwa sehemu ya mavuno, au kwa kumfanyia mwenye shamba kazi. Anakodi kwa msimu mmoja. Basi angalieni atapanda nini. Atapanda kile kinachokomaa upesi: maharagi, lengalenga, labda mahindi. Hatapanda muhogo, maana muhogo unataka mwaka mzima au zaidi. Hatachimba mfereji wa kuzuia maji, maana jasho lake litamfaa mwingine. Hatapanda nyasi za kushika udongo. Na mti je? Nani atapanda mti katika shamba ambalo Januari litakuwa na mtu mwingine?

Hivyo yule ambaye mvua inamuumiza kuliko wote ndiye asiyeweza kujikinga. Na shamba lenyewe linaharibika, maana kila msimu linalimwa na mtu anayejua kwamba ataondoka.

Yaliyotupata katika bonde letu

Msimu wa kwanza tulilima bila kuuliza mengi. Mvua ilikatika, kisha ikarudi ikachukua maharagi yetu yote. Msimu wa pili tulifanya kazi kwa nguvu. Tulifanya salongo kila Alhamisi. Tulichimba mifereji, tukainua matuta kule chini, tukafunika udongo kwa majani makavu. Mavuno yalikuwa mazuri kabisa. Tulipomaliza kuvuna, mwenye shamba alituambia kwamba amempata mtu mwingine atakayelipa zaidi. Shamba lilikuwa limependeza kwa sababu ya mikono yetu, na kwa sababu hiyo hiyo tulikuwa tunalipoteza.

Jua la Desemba likafika na shida nyingine. Nyasi za vilimani zilikauka. Wachungaji wakateremsha ng'ombe katika bonde, maana ndipo maji na majani mabichi yalipobaki. Ng'ombe wakaingia katika viazi vitamu vyetu. Vijana wetu wakachukua mapanga. Vijana wa upande wa pili walikuwa na fimbo na mikuki. Wandugu, wote hapa mnajua jambo kama hilo linavyoweza kuisha katika jimbo letu. Siku moja ni viazi, siku ya pili ni nyumba kuchomwa, na wiki inayofuata watu wanahesabu maiti.

Mzee mmoja wa wachungaji aliuliza swali moja tu: "Ng'ombe wapite wapi? Mtuonyeshe njia." Tuliangalia chini. Tulikuwa tumepanda viazi juu ya njia ya kwenda majini, njia iliyotumika miaka mingi kabla hatujafika. Hakuna aliyetuonyesha, na sisi hatukuuliza. Siku ile mapanga yalirudi nyumbani bila damu, na tukapatana kukutana tena mbele ya mkuu wa kijiji.

Mwenye shamba naye alikuja. Tulidhani ni mtu wa tamaa tu. Aliposema, tulielewa kwamba alikuwa anaogopa. Alisema: "Nyinyi mkipanda miti hapa, kesho watoto wenu watasema ni shamba la baba yao. Nimeona mambo hayo." Hatukuweza kumwambia kwamba anasema uongo. Katika nchi yetu mti ni kama hati: aliyeupanda anaweza kudai ardhi.

Mapatano tuliyoandika

Tulikaa mara nne. Mara mbili tulitawanyika kwa hasira. Mwishowe tukaandika mambo haya:

1. Muda. Kikundi kinakodi kwa misimu sita, yaani miaka mitatu. Bei inajulikana tangu mwanzo, na haipandi katikati hata kama shamba limekuwa zuri.

2. Mipaka. Tulitembea kwa miguu kuizunguka, wazee pamoja na watoto, tukasimika fito. Jirani wa kila upande alikuwepo.

3. Miti. Kikundi kinaweza kupanda miti. Matunda na matawi ni ya kikundi mpaka muda uishe. Baadaye miti ni ya mwenye shamba. Imeandikwa wazi kwamba kupanda mti hakumpi mtu ardhi.

4. Njia ya ng'ombe. Tuliacha njia ya hatua kumi kwa upana mpaka majini. Baada ya mavuno, ng'ombe wanaruhusiwa kula mabua kwa wiki zilizotajwa, na mbolea yao inabaki kwetu. Wakiingia wakati mwingine, mwenye ng'ombe analipa kadiri ya mazao yaliyoliwa.

5. Kurudi nyumbani. Amani ikirudi na familia za wakimbizi zikitaka kwenda kwao, zinavuna kilichopo, au zinamwuzia mwenye shamba au jirani.

6. Ugomvi. Unapelekwa kwanza kwa watu watano: mwenye shamba mmoja, mchungaji mmoja, mkimbizi mmoja, mwenyeji mmoja na mkuu wa kijiji. Wawili kati yao lazima wawe wanawake.

Karatasi iliandikwa kwa Kiswahili, nakala tatu. Ilisomwa mara mbili kwa sauti, maana wengi wetu hawajui kusoma. Tuliweka alama za vidole. Tuliandika pia majina ya wanawake, si ya waume zao peke yao, kwa sababu wanawake ndio wanaokuwa shambani kila siku, na mume akifa au akiondoka, mama asifukuzwe.

Tunajua kwamba karatasi hii si hati ya serikali. Nguvu yake ni watu waliokuwepo iliposomwa.

Yaliyowezekana baadaye

Tulipopata miaka mitatu, tuliweza kufanya mambo ambayo mtu wa msimu mmoja hawezi kufanya.

Kwanza, tulikata mifereji inayofuata usawa wa kilima, isiyoteremka. Kifaa chake hakinunuliwi. Funga fito tatu kwa umbo la herufi A, miguu miwili iwe sawa kwa urefu. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu. Simamisha miguu juu ya mambo mbili, weka alama pale kamba inapogusa fito la katikati. Kisha geuza, mguu wa kushoto uende penye mambo ya kulia, uweke alama tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Ukitembea na kifaa hicho kilimani ukiweka kamba katika alama ya usawa, unapata mstari ambao maji hayatakimbia. Chimba hapo, weka udongo upande wa juu, na panda matete juu yake. Mvua kali inapokuja, maji yanasimama na kuingia ardhini. Jua linapokuja, udongo bado una unyevu. Mfereji mmoja unasaidia katika mafuriko na katika ukame pia.

Pili, hatuweki chakula chote mahali pamoja. Kule chini tunapanda majimbi na mboga juu ya matuta, maana muhogo na maharagi vikisimama katika maji vinaoza. Mlimani tunapanda muhogo, na kati ya mistari yake karanga au maharagi. Tunachukua miti ya muhogo kutoka katika mimea isiyo na majani yaliyojikunja wala madoa ya njano, maana ugonjwa unasafiri na mti unaopandwa. Tunapanda pia viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vinavyokomaa kwa miezi minne hivi na kuwapa watoto nguvu ya macho.

Tatu, hatupandi mbegu zote siku moja. Mvua ya kwanza tunapanda sehemu, tunangoja, kisha tunapanda sehemu nyingine. Mvua ikikatika, hatujapoteza yote.

Nne, mbegu. Kwa watu waliokimbia, mbegu ndizo hupotea mapema: zinaachwa nyumbani, au zinaliwa kwa njaa. Tunakausha mbegu vizuri, tunazichanganya na majivu makavu, tunazijaza katika bidoni mpaka juu ili hewa isibaki, na tunafunga kabisa. Kila familia inaweka sehemu ya mbegu zake kwa familia nyingine, upande mwingine wa mji. Wenyeji wanaweka kwa wakimbizi, na wakimbizi kwa wenyeji. Nyumba moja ikipata msiba, mbegu zingine zipo.

Tano, kwa wale wasio na shamba kabisa kule kambini, kuna bustani ya gunia. Simamisha kopo lisilo na vitako katikati ya gunia, lijaze mawe madogo, na kulizunguka weka udongo uliochanganywa na mbolea. Vuta kopo juu, jaza tena, mpaka gunia lijae. Toboa matundu pembeni na upande lengalenga au vitunguu. Maji ya kunawia yasiyo na sabuni nyingi yanamwagwa juu ya mawe. Gunia halitalisha familia, lakini litaweka mboga katika sufuria, na likitokea jambo linaweza kuhamishwa.

Tusidanganyane

Tunaomba viongozi wasikie vizuri sehemu hii. Zipo siku ambazo hakuna mbinu inayofaa, kwa sababu njia ya shamba ina watu wenye silaha. Hata kambini si salama wakati wote: Februari 2022 kambi ya Plaine Savo, huko Djugu, ilishambuliwa na makumi ya watu waliuawa. Asiwepo kiongozi anayewasukuma watu waende shambani ili kikundi chake kionekane kinafanya kazi. Mama akisema leo hatuendi, aheshimiwe. Katika kikundi chetu tunaenda pamoja, tunarudi pamoja, na kabla ya kuondoka tunauliza habari za njia.

Tunachowaomba viongozi

Kwanza, saidieni watu kupata mikataba ya miaka, siyo ya msimu. Mashirika yanayogawa mbegu na majembe yaulizwe kwanza: je, anayepewa ana ruhusa ya kulima mpaka lini? Jembe bila shamba huuzwa sokoni.

Pili, kabla ya jua la Desemba, chifu awaite wachungaji na wakulima waonyeshane njia za maji. Msingoje ng'ombe waingie katika viazi.

Tatu, waliofukuzwa na ziwa wasisahauliwe. Mapatano ya Kampala, yaliyopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2009, yanasema wazi kwamba waliohama kwa sababu ya maafa, pamoja na mabadiliko ya tabianchi, wanastahili kulindwa na kusaidiwa. Aliyekimbia maji na aliyekimbia risasi wasigombanishwe juu ya gunia moja la unga.

Wandugu, wengi wetu bado tunaota kurudi kwetu. Hatujaacha mashamba yetu katika moyo. Lakini wakati tunangoja, mvua haitungoji. Mwenye shamba wetu, aliyeogopa miti, mwaka jana alileta mwenyewe miche ya parachichi na kuuliza ipandwe wapi. Tulimwonyesha mahali, karibu na njia ya ng'ombe, na mchungaji mmoja akajenga uzio wa kuilinda.



Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika kijiji au kartie yenu, mkimbizi anakodi shamba kwa muda gani? Nani anafaidika na muda huo, na nani anapoteza?

2. Mwenye shamba anaogopa nini anapombwa mkataba wa miaka mitatu? Mnaweza kuandika maneno gani ili kumtuliza?

3. Njia za ng'ombe za kwenda majini ziko wapi? Nani anazikumbuka?

4. Mvua kubwa ikija usiku wa leo, maji yatapita wapi, na nyumba ya nani iko chini?